Picha inayoelea hewani na mizimu yake: tunaiondoaje? (Wenye HUD, vile vifaa vya gari vya kuonyesha spidi kwenye kioo cha mbele, vinavyoonyesha namba mbili mbili, piteni hapa)

#1 FundiMiale

Wakuu, salaam.

Kuna skrini ambazo picha yake haikai kwenye kioo. Inakaa hewani, sentimita kadhaa mbele ya kifaa, na ukinyoosha kidole kinapita katikati yake. Wajapani wameivalia njuga kazi hii muda mrefu. Mwaka 2022 Seven-Eleven walijaribu kaunta za malipo za namna hii kwenye maduka machache ya Tokyo, mteja anabonyeza vitufe vilivyo hewani bila kugusa kitu chochote.

Kwenye video za matangazo inapendeza sana. Ukisimama mbele yake ndipo unaona kinachofichwa: kitufe kimoja kinaelea vizuri katikati, halafu kulia na kushoto kuna vingine viwili vilivyofifia, na ukiinamisha kichwa kidogo unaiona skrini yenyewe iliyofichwa chini. Hiyo ndiyo mizimu ninayoizungumzia.

Nafungua uzi kwa sababu naona watu wananunua filamu na vioo vya bei mbaya kabla hawajajua mzimu wao unatoka wapi. Msimamo wangu: usitoe hata mia kabla hujajua mwale unaokusumbua umepita njia gani. Ukishaijua njia, dawa mara nyingi ni ndogo. Usipoijua utabandika filamu mpaka picha yenyewe ife.

Tuanze na aina ya bamba, kama lile la ASKA3D la kampuni ya Asukanet ya Hiroshima. Ndani ya bamba kuna matabaka mawili ya vioo vyembamba sana vya kuakisi, vimesimama wima, tabaka moja likikatiza lingine kwa digrii 90. Mwale ukiakisiwa mara moja kwenye tabaka la kwanza na mara moja kwenye la pili, unatoka na kwenda kukutana na wenzake upande wa pili wa bamba, umbali uleule. Skrini ikiwa sentimita 20 nyuma ya bamba, picha inaelea sentimita 20 mbele yake, kwa ukubwa uleule. Hiyo ndiyo picha tunayoitaka.

Lakini si kila mwale unafuata utaratibu. Ulioakisiwa kwenye tabaka moja tu, lingine ukalipita hivihivi, unakwenda kuwa mzimu wa pembeni. Ndiyo maana inakuja miwili: mmoja wa tabaka hili, mwingine wa tabaka lile. Usioakisiwa popote unanyooka mpaka machoni kwako na kukuonyesha skrini iliyo chini. Hesabu idadi ya kuakisiwa, utajua uko na mzimu gani.

Dawa nitaziweka post inayofuata, napata chai kwanza.

#2 KambiYangu

Nimeweka kambi hapa. Endelea mkuu.

#3 DerevaSugu

Mkuu mimi sina hizo skrini za Kijapani ila nina gari la Kijapani 😂. Mazda CX-5, HUD yake inaandika spidi kwenye kioo cha mbele. Kioo kilipata ufa, nikabadilisha. Tangu hapo spidi inaonekana mara mbili, 60 chini na 60 nyingine juu yake kidogo imefifia. Usiku ndiyo inakera kabisa. Fundi wa vioo anasema HUD imekufa. Ni kweli?

#4 FundiMiale

DerevaSugu, HUD yako nzima. Na umenisaidia, kwa sababu mzimu wako ni rahisi kueleweka kuliko wa bamba, kwa hiyo nianze na wewe.

Kioo cha mbele ni vioo viwili vilivyogandishwa na karatasi ya plastiki katikati (wenye viwanda wanaiita PVB, kwa kawaida unene wake ni milimita 0.76). Jumla yake inakaribia milimita 5. Nuru ya HUD inapanda kutoka kwenye dashibodi, inapiga uso wa ndani wa kioo, sehemu inaakisiwa kuja kwako. Iliyobaki inazama ndani, inafika uso wa nje, na pale nayo sehemu inaakisiwa. Nyuso mbili, picha mbili.

Watu wanadhani ile ya pili ni dhaifu sana. Hapana. Kioo cha mbele kimelala, kwa hiyo nuru inakipiga kwa mshazari mkubwa. Chukua digrii 65: kwa nuru inayotetemeka kwa ulalo (mawimbi yake yanacheza kushoto na kulia, si juu na chini), ambayo ndiyo HUD nyingi hutumia, uso wa ndani unarudisha kama asilimia 23. Uso wa nje, baada ya makato ya kuingia na kutoka, unarudisha karibu asilimia 14. Yaani mzimu wako una zaidi ya nusu ya mwanga wa picha halali.

Umbali kati ya hizo mbili ni kama milimita 3 kwa kioo cha unene huo. Unaweza kusema milimita 3 si kitu. Lakini picha ya HUD inaonekana iko mita 2 na kitu mbele yako, na kwa umbali huo milimita 3 ni kama dakika 4 za digrii (digrii moja ina dakika 60). Jicho zima linatenganisha vitu vilivyoachana dakika 1. Kwa hiyo lazima uione.

Kiwandani wanafanya hivi: ile plastiki ya katikati haiwi na unene sawa. Juu ni nene kidogo, chini nyembamba, tofauti ya nusu milimita hivi kwa kila mita moja ya urefu. Kwa macho huwezi kuiona wala kwa vidole huwezi kuihisi. Inatosha kupindisha mwale wa uso wa nje hadi picha ya pili ilale juu ya ya kwanza. Kioo ulichowekewa kina plastiki ya unene mmoja, basi.

#5 DerevaSugu

Daah. Kumbe ni kioo. Nitajuaje kwa uhakika kabla sijaenda kugombana na mtu?

#6 FundiMiale

Chukua selotepu nyeusi ya umeme. Washa HUD gizani, mtu akae kiti cha dereva, wewe uwe nje. Bandika kipande cha tepu upande wa NJE wa kioo, pale dereva anapokuelekeza kuwa mzimu unatokea, ukikandamize vizuri kisiwe na hewa chini yake. Pale penye tepu mzimu unazimika, picha ya kwanza inabaki. Gundi imeshikana na kioo, nuru inatoka badala ya kurudi, na weusi wa tepu unaimeza. Kitambaa cheusi hakifanyi kazi, kwa sababu kati yake na kioo kuna hewa, na uso wa nje unaendelea kuakisi kama kawaida.

Ukiona hivyo, tatizo ni uso wa nje kwa asilimia mia. HUD haihusiki.

Pia angalia maandishi madogo yaliyochapwa kwenye kona ya kioo. Vioo vingi vya magari ya HUD vina alama ya HUD pale. Halafu kitu kimoja wengi hawajui: Mazda za nyuma, kama Axela ya 2014, zina kijibamba cha plastiki kinachoinuka juu ya dashibodi na picha inatua hapo. Hizo hata ubadilishe kioo mara ngapi, HUD haiguswi.

#7 Wa_Eldoret

Mimi nina ile HUD ndogo ya kuchomeka kwa OBD (ile soketi ya kupimia gari), niliagiza mtandaoni. Inakuja na karatasi fulani ya kubandika kwa kioo. Sikuibandika kwa sababu ilikaa vibaya, na ni kweli naona namba mbili. Hiyo karatasi ndiyo dawa?

#8 FundiMiale

Ndiyo dawa, ndugu. Inaongeza nguvu ya uakisi wa kwanza na kupunguza nuru inayokwenda mpaka uso wa nje na kurudi. Mzimu haufi, unazidiwa tu. Kwako hata ni lazima zaidi, kwa sababu kifaa kimelala juu ya dashibodi hakina lenzi ya kuisogeza picha mbali. Picha inaonekana karibu, mita 1 hivi kutoka machoni, na kadiri picha inavyokuwa karibu ndivyo mizimu inavyoachana. Milimita 3 zilezile kwa mita 1 zinakuwa dakika 10 za digrii.

Ila ibandike ndogo na chini kabisa ya kioo. Usiku ile filamu inakula mwanga wa barabara.

Wale wa miwani ya jua ya polaraizi: mkiivaa HUD inapotea au inafifia sana, kwa sababu miwani hiyo imetengenezwa kuzuia nuru inayotetemeka kwa ulalo. Msiende kwa fundi.

#9 MwalimuWaSayansi

Hapo kwenye kutetemeka nimevutiwa. Kuna ile pembe ambayo kioo hakiakisi kabisa nuru ya upande mmoja, digrii 56 na ushee. Kwa nini wasiitumie hiyo, ukaondoa uso wa ndani na wa nje kwa pamoja?

#10 FundiMiale

Mwalimu umenena. Wapo wanaofanya hivyo. Wanatuma nuru inayotetemeka kwa wima, nyuso zote mbili za kioo zinaipitisha karibu yote, halafu ndani ya kioo wanaweka utando mmoja wa kuakisi ambao ndio unarudisha picha. Uso mmoja unaoakisi, picha moja. Na miwani ya polaraizi haiizuii. Gharama iko kwenye ule utando, lazima uakisi picha lakini usitie kioo giza.

Nikirudi kwenye bamba la #1, kama nilivyoahidi.

Kwanza, filamu ya luva juu ya skrini. Ni karatasi yenye vipande vyeusi vidogo ndani, vimepangwa kama luva za dirisha: nuru ya uelekeo fulani inapita, ya uelekeo mwingine inazuiwa. Ile ya kuficha skrini ya kompyuta kazini ni ya ukoo huo. Ukiielekeza vizuri, mwale wa kutoka skrini moja kwa moja hadi machoni unakufa kabla haujafika kwenye bamba. Mizimu ya pembeni nayo inapungua, kwa kuwa inatokana na nuru inayotoka skrini kwa kwenda upande. Bei yake unailipa kwa mwanga, na kwa eneo la kusimama: mtu wa pembeni haoni picha tena. Kwa mashine ya kuandika namba ya siri hiyo ni neema. Kwa maonyesho ya makumbusho, ambako watu kumi wanataka kuona pamoja, ni balaa.

Pili, geuza bamba. Mizimu ya pembeni ina pembe zake. Ukiligeuza bamba kidogo kidogo huku umesimama pale mtazamaji atakaposimama, kuna mahali inatoka nje ya macho yake. Hii ni bure, na ndiyo watu wanairuka.

Tatu, weusi wa picha. Skrini ya LCD haitoi weusi wa kweli, taa ya nyuma inavuja. Matokeo yake kitufe chako kinaelea ndani ya mstatili wa kijivu unaoelea nao. Watu wanauita mzimu, na kwa bamba hutautibu hata siku moja. Badilisha skrini, weka OLED, ambayo kila nukta inajiwashia mwanga yenyewe.

Nne, taa za dari. Bamba limejaa vioo, linakusanya kila balbu iliyo juu yake na kukupiga nayo usoni. Sogeza kifaa kabla hujasogeza mfuko.

#11 MbebaBoksi

Nipo Japani, naongezea. Kuna aina nyingine isiyotumia bamba kabisa. Profesa Hirotsugu Yamamoto wa Chuo Kikuu cha Utsunomiya ndiye anajulikana nayo, inaitwa AIRR. Vitu vitatu tu: skrini, kioo cha nusu (kinachopitisha nusu na kuakisi nusu), na karatasi ya reflekta, ile inayorudisha nuru ilikotoka. Nuru inatoka skrini, inaakisiwa na kioo cha nusu, inapiga reflekta, inarudi njia yake, safari hii inakipita kioo na kukutana hewani. Uzuri wake unaweza kufanya picha kubwa, maana reflekta inauzwa kwa mita.

#12 Wa_Eldoret

Reflekta kama zile za nyuma ya malori?

#13 MbebaBoksi

Ukoo mmoja. Ukijaribu na ile ya lori kwenye chumba chenye giza utaona kitu kikielea, kweli kabisa. Lakini kitakuwa na ukungu, na ile michoro ya masega iliyo kwenye karatasi inakula nuru. Ukiisogeza picha mbali zaidi na kifaa, ukungu unaongezeka. Zinazotumika kwa picha zina prizma ndogo zilizopangwa kwa usahihi zaidi.

#14 FundiMiale

MbebaBoksi asante, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote kwenye somo hili, kwa hiyo mnivumilie.

Kioo cha nusu kinakukata mara mbili. Nusu inapotea wakati wa kuakisi, nusu ya iliyobaki inapotea wakati wa kupita. Umebaki na robo, hata kabla reflekta haijachukua chake. Picha ikiwa robo, mizimu inaonekana mikubwa kwa kulinganisha.

Dawa: toa kioo cha nusu, weka filamu ya polaraizi inayoakisi. Hii inaakisi nuru inayotetemeka upande mmoja na kuipitisha ya upande mwingine. Mbele ya reflekta bandika filamu ya robo-wimbi, yaani filamu angavu inayobadilisha namna nuru inavyotetemeka. Nuru ya LCD tayari inatetemeka upande mmoja, kwa hiyo iweke ule upande unaoakisiwa: karibu yote inakwenda kwenye reflekta. Inapita filamu ya robo-wimbi ikienda, inaipita tena ikirudi, na kupita huko mara mbili kunageuza mtetemo wake kwa digrii 90. Ikifika kwenye polaraizi sasa ni ya upande unaopita. Inapita karibu yote.

Angalieni mzimu unavyokufa hapo bila kuongeza kitu. Uso wa mbele wa filamu ya robo-wimbi unang'aa kidogo, unaakisi sehemu ya nuru kabla haijaingia. Kwenye mpango wa kioo cha nusu, mng'ao huo ungekufikia kama mzimu. Hapa nuru hiyo haikupita kwenye robo-wimbi, mtetemo wake haujageuka, kwa hiyo polaraizi inaikataa na kuirudisha ndani. Filamu ileile iliyoongeza mwanga ndiyo inachuja mzimu.

Tahadhari moja. Usiweke plastiki ya ovyo katikati ya njia hiyo. Polikaboneti hasa inageuza mtetemo kwa viwango tofauti sehemu tofauti, utaona madoa ya rangi na mzimu utarudi. Kama lazima uwe na kifuniko, tumia kioo.

#15 MwalimuWaSayansi

Nina swali la kawaida zaidi. Darasani natumia ile piramidi ya plastiki juu ya simu, wanafunzi wanaona kipepeo kinaruka ndani. Nilikata kwenye kava za CD. Kipepeo ana mabawa yaliyorudufika. Hiyo robo-wimbi siwezi kuipata huku.

#16 FundiMiale

Huihitaji, Mwalimu. Hiyo ni hila ya John Henry Pepper, aliionyesha London mwaka 1862 kwa kioo kikubwa jukwaani. Mzimu wako ni wa nyuso mbili, kama wa DerevaSugu. Kwa kioo au plastiki iliyokaa digrii 45, picha mbili zinaachana kwa robo tatu ya unene wake. Kava ya CD ina milimita 1 na kidogo, mabawa yanaachana karibu milimita 1, na kwenye kipepeo mdogo hiyo inaonekana. Tumia ile plastiki laini angavu ya kufungia ripoti mbele. Unene wake ni sehemu ndogo ya milimita, picha mbili zinalaliana na jicho halitofautishi. Inajikunja, kwa hiyo itengenezee fremu ya kadibodi.

Wenye maabara wanatumia utando wa unene wa mikroni chache tu kwa sababu hiyohiyo.

#17 SautiYaStudio

Hapo kwenye digrii 45 umenigusa. Tuna teleprompta (kioo cha mbele ya kamera kinachoakisi maandishi ya msomaji) ya kujitengenezea, kioo cha kawaida cha dirisha cha milimita 6, msomaji analalamika herufi zina kivuli. Tukabandika tinti ya kioo-kioo, kivuli kikapungua lakini hakijaisha.

#18 FundiMiale

Milimita 6 inatoa mwachano wa milimita 4 na nusu, lazima alalamike. Tinti mmeibandika upande gani? Gusa kioo kwa ncha ya kalamu upande wa skrini. Ncha ikigusana na picha yake, uko upande wenye filamu. Kukiwa na pengo kati ya ncha na picha yake, filamu iko upande wa kamera. Geuzeni, filamu itazame skrini ya maandishi na msomaji. Hapo uakisi wa kwanza ndio wenye nguvu, ule wa nyuma unabaki asilimia chache. Na shukeni hadi kioo cha milimita 3.

#19 SautiYaStudio

Kuna pengo. Iko upande wa kamera. Tunageuza leo jioni.

#20 DerevaSugu

Nimerudi. Selotepu imefanya kama ulivyosema, mzimu unazimika palepale penye tepu. Kona ya kioo hakuna alama ya HUD. Nimerudi dukani, jamaa wakaniambia wanacho kioo chenye alama hiyo lakini ni cha gari lingine, wanasema wanaweza kukikata. Nichukue?

#21 FundiMiale

Usichukue. Mteremko wa ile plastiki unapimwa kwa ulalo wa kioo cha gari husika, umbali wa projekta yake, na mahali macho ya dereva yanapokaa. Cha gari lingine kinaweza kusogeza mzimu upande wa pili badala ya kuuondoa. Hata kwenye kioo sahihi, dereva mfupi sana au mrefu sana anaona kivuli chembamba, kwa sababu mteremko umepangiwa kimo kimoja. Na kioo cha mbele chenye tabaka mbili kukikata mpaka kikae kwenye fremu isiyo yake, hilo ni suala la usalama, acha kabisa habari ya HUD. Agiza kwa namba ya chesisi, taja kuwa gari lina HUD, na uliza kama lina kamera nyuma ya kioo kwa sababu hilo nalo linabadilisha kioo.

#22 DerevaSugu

Linayo kamera. Nimetuma namba ya chesisi sasa hivi, wamesema mzigo unakuja kwa meli. HUD naizima mpaka kifike, spidi nitaisoma kwenye mshale.